JINA LA SHAMBA NI MTAJI: SOMO KUTOKA MONTRACHET

Leo nazungumzia mvinyo, lakini msinikimbie! Mie sinywi wala siuzi, duka langu hapa Mpendae ni la viungo. Nachotaka tuangalie ni biashara yake tu.

Kule Ufaransa, upande wa Bourgogne, kuna shamba la mizabibu linaitwa Montrachet. Lote ni kama hekta 8, yaani ekari 20 hivi. Mvinyo mweupe unaotoka hapo ni katika mivinyo ghali kabisa duniani. Na zabibu yake ni Chardonnay, aina ambayo inalimwa nchi nyingi tu. Kwa hiyo mbegu hawanayo peke yao. Walichonacho peke yao ni mahali: mteremko wa mawe ya chokaa unaopata jua vizuri.

Sasa tazama walivyolitunza hilo jina. Mwaka 1879 vijiji viwili vya pale, Puligny na Chassagne, vilijiongezea jina la shamba, vikawa Puligny-Montrachet na Chassagne-Montrachet. Yaani kijiji kinajiita kwa jina la shamba! Mwaka 1937 sheria ikaweka mipaka. Shamba lina wamiliki wengi, kila mmoja na kipande chake, lakini wote wanafungwa na sharti moja: zabibu zitoke ndani ya mpaka. Za jirani aliye ng'ambo ya njia zinauzwa kwa jina jengine.

Turudi nyumbani. Tanzania zabibu ni Dodoma, na kule wanavuna mara mbili kwa mwaka. Ile nyeupe wanayolima, Chenin, asili yake ni Ufaransa pia, bonde la mto Loire. Mbegu tunayo, jua tunalo. Lakini zabibu ikiiva haisubiri. Mkulima anayeuza kwa kilo, bila jina wala mnunuzi wa uhakika, bei anapangiwa.

Na sisi wa viungo ni hivyo hivyo. Mie yalinikuta. Nilikuwa napeleka pilipili manga kwenye hoteli moja huko shamba. Siku moja mzigo ukapungua, nikajazia kwa dalali bila kuuangalia. Mpishi akaponda chache, akanusa, akanirejeshea gunia zima. Kumbe mna mbegu za papai zilizokaushwa! Sikuzitia mie, lakini jina lililoharibika ni langu. Oda ikaenda kwa mwengine, na mpaka leo haijarudi.

Tangu hapo nafanya hivi:

1. Najua shamba. Nanunua kwa wakulima ninaowajua, Kizimbani na Dole, na nafika mwenyewe kuangalia.

2. Sichanganyi. Mzigo wa kila shamba na gunia lake. Ukimalizika, namwambia mteja umemalizika. Bora akasirike leo kuliko asirudi tena.

3. Naandika kwenye pakti: imetoka wapi na imevunwa mwezi gani. Lebo ya kawaida tu, haina gharama kubwa. Mteja akiuliza "kwa nini yako ghali?" basi jibu analisoma mwenyewe.

4. Jina la biashara nimelisajili BPRA. Usingoje ukue ndio ukasajili, mwenzio atakuwahi.

Msinielewe vibaya, lebo peke yake haiuzi. Ukiandika Kizimbani halafu ndani umetia ya kuokoteza, umejichimbia shimo. Wale wa Montrachet wanaaminiwa kwa sababu jina lililo kwenye chupa ndilo shamba lililo ndani ya chupa.

Haya, wewe unauza nini, na unajua kimetoka shamba gani? Kama hujui, anzia hapo kesho asubuhi. Mtumie na mwenzio mwenye duka asome. Tuko pamoja, Mungu atie baraka.