Diski kubwa, RAM taabani

Mtu wa TEHAMA wa chuo akipewa fungu la kununua seva ya kache, swali lake la kwanza dukani huwa ni ukubwa wa diski. Terabaiti moja, mbili, kadiri fungu linavyoruhusu. RAM huja mwisho, kama chenji imebaki. Huo, kwa maoni yangu, ni ununuzi wa kinyumenyume.

Chukua Squid, programu huria iliyoanzia Marekani miaka ya 1990 na ambayo mpaka leo hutumika sana kwa kazi hii. Mwanafunzi wa kwanza akifungua ukurasa, Squid hubakiza nakala. Wa pili hupewa nakala hiyo bila laini ya nje kuguswa. Kabla nyaya za baharini hazijafika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, vyuo vingi vilitegemea setilaiti, ghali na ya kusuasua, na kila nakala iliyobaki ndani ilikuwa fedha.

Sasa, kila kilichowekwa diskini lazima kiandikwe kwenye orodha, na orodha yote hukaa kwenye RAM, kama leja ya mtunza ghala: shehena ikiongezeka, leja hunenepa. Kanuni ya Squid ni takriban megabaiti 14 za RAM kwa kila gigabaiti ya diski, kwenye mashine za biti 64. Kache ya gigabaiti 500 inataka gigabaiti 7 za orodha tu. Jumlisha sehemu ya RAM inayotengewa vitu vinavyoombwa mara kwa mara, ambayo isipoguswa ni megabaiti 256 (wapo wanaodhani ndiyo RAM yote itakayoliwa, kumbe wapi!), kisha mfumo endeshi wenyewe. Seva ya gigabaiti 8 imeshazidiwa. Itaanza kuazima nafasi diskini, na orodha iliyopaswa kusomwa kufumba na kufumbua itakuwa inaingia na kutoka kwenye diski. Watumiaji watasema mtandao uko chini, nao watakuwa na haki.

Diski basi iwe kiasi gani? Pima laini kwanza. Megabiti 2 kwa sekunde, hata zijae usiku na mchana, huleta gigabaiti 21.6 kwa siku. Wiki nzima kama 150, na sehemu kubwa haihifadhiki. Terabaiti ya nini? Hiyo 150 nayo isijaze diski pomoni: asilimia 80 yatosha.

Siku hizi kurasa nyingi huja zimefungwa kwa HTTPS, na Squid huzipitisha tu bila kuona kilichomo. Faida iliyobaki kwa maabara ya kompyuta ni masasisho ya Linux, ambayo mengi bado hupita wazi kwa kuwa yamewekewa sahihi ya kidijitali. Hapo hesabu inalegea kidogo. Ile 14 ilipigwa kwa vitu vya wastani wa kilobaiti 13, karibu 80,000 katika gigabaiti moja. Vikiwa vya megabaiti moja moja, ni 1,000 tu, na RAM inapumua. Ila Squid ikiachwa ilivyo haiweki diskini kitu kinachozidi megabaiti 4, kwa hiyo sasisho kubwa litashushwa upya kwa kila kompyuta mpaka mtu afungue faili la mipangilio na kupandisha kiwango hicho.