Fahali Huchaguliwa kwa Mama Yake

Mafahali wawili hawakai zizi moja, walisema wahenga. Siku hizi methali hii hutumiwa sana kuwasema wakubwa wawili wanaogombania kiti kimoja. Ni wachache wanaokumbuka kwamba kwanza kabisa hii ni habari ya ng'ombe, na kwamba kila mfugaji anaijua kuwa kweli. Ukiweka mafahali wawili katika kundi moja la malishoni, mmoja atamshinda mwenzake, na ndama wengi watakuwa wake.

Lakini methali hiyo ina upande wa pili ambao haukusemwa. Ikiwa fahali ni mmoja, naye akatawala zizi miaka nenda miaka rudi, ataishia kuwapanda binti zake mwenyewe. Hebu tufanye hesabu. Fahali anaingia kundini mwezi wa Januari. Mimba ya ng'ombe huchukua siku 285 hivi, kwa hiyo ndama wa kwanza wanazaliwa Oktoba. Malisho yakiwa mazuri, mitamba itaanza kuingia joto ikifikia umri wa miaka miwili hivi. Basi miaka mitatu haijatimia, na mzee yule bado anatamba zizini akiwangojea.

Je, hilo ni baya? Hapa ndipo wafugaji wanapobishana, na ubishi wenyewe ni wa siku nyingi.

WAZEE WALITAZAMA NINI?

Wafugaji wetu wa jadi, Wamaasai, Wasamburu, Waborana na wengineo, hawakuwa na daftari za nasaba. Daftari lao lilikuwa kichwani. Mzee aliweza kukutajia mama wa ng'ombe huyu, na nyanya yake, na aliyetoa ng'ombe wa kwanza wa ukoo huo, na mwaka wa njaa ambao ukoo huo ulipona.

Ndama dume alipozaliwa, swali la kwanza halikuwa juu ya ukubwa wake. Liliulizwa swali juu ya mama yake. Je, huzaa kila mara, au hupumzika miaka miwili? Ana maziwa ya kumtosha ndama na watoto wa boma? Wakati wa kiangazi alikonda au alisimama imara? Ni mpole au ni mkali? Rangi na pembe nazo zilitazamwa, maana kila jamii ina rangi iipendayo. Ndama aliyeshinda maswali hayo aliachwa awe fahali. Waliosalia walihasiwa, wakawa maksai wa kuchinjwa katika sherehe au kuuzwa.

Wahenga hawakukosea waliposema mwana akibebwa hutazama kisogo cha nina. Fahali hatoi maziwa wala hazai, lakini nusu ya mbegu aliyo nayo imetoka kwa mama yake, naye atawapa binti zake. Ng'ombe anayetaka kuzaa kila mwaka ana siku 80 tu za kushika mimba tena baada ya kuzaa, kwani siku 365 ukiondoa 285 zinabaki 80. Ng'ombe anayeweza kufanya hivyo kwa kula nyasi tupu, bila chakula cha gunia, huyo ndiye mama wa kumzalia mtu fahali.

Isitoshe, mila ya kupeana ng'ombe ilifanya kazi kubwa kuliko tunavyodhani. Kwa Wamaasai, marafiki waliopeana mifugo huitana kwa jina la mnyama waliyepeana. Waliopeana ng'ombe huitana pakiteng. Ulikuwa urafiki na ilikuwa bima wakati wa ukame. Lakini pia ilikuwa njia ya kuhamisha damu kutoka boma moja hadi jingine.

FAHALI WA GINI 1,000

Huko Uingereza walifuata njia nyingine. Katika karne ya 18, mkulima Robert Bakewell wa Leicestershire alianza kuwazalisha wanyama wake wa karibu wao kwa wao ili kuzikaza sifa alizozitaka. Ndugu wawili, Charles na Robert Colling, walimwiga kwa ng'ombe wa Shorthorn. Charles alikuwa na fahali aliyeitwa Favourite. Alimpandisha kwa mama yake mwenyewe, akapata mtamba. Kisha akampandisha tena kwa mtamba huyo, ambaye alikuwa binti yake na dada yake. Fahali aliyezaliwa mwaka wa 1804 akaitwa Comet, na mwaka wa 1810 akauzwa kwa gini 1,000, bei ambayo haijapata kusikika kwa fahali wakati huo.

Watu wakaona wamepata siri ya utajiri. Thomas Bates akachukua ng'ombe wa Colling wa ukoo wa Duchess akawazalisha ndani ya ukoo huo kwa miaka mingi. Lakini uzazi ulipungua, naye Bates mwenyewe akalazimika kuingiza damu ya nje. Baada ya kufa kwake mwaka wa 1849, jina la Duchess lilizidi kupata sifa. Mwaka wa 1873, katika mnada wa New York Mills, Marekani, ng'ombe jike mmoja wa ukoo huo aliuzwa kwa dola 40,600. Wanunuzi walikuwa wakilipia karatasi ya nasaba, huku zizi likikosa ndama.

SIRI ILIYOFICHIKA

Kila mnyama hupokea mbegu mbili za kila sifa, moja ya baba na moja ya mama. Mbegu yenye kasoro huweza kujificha nyuma ya iliyo nzima, mnyama akaonekana hana neno. Ukizalisha jamaa kwa jamaa, kasoro mbili zilizojificha hukutana. Ndivyo ilivyotokea Marekani katika miaka ya 1940 na 1950, ndama mbilikimo walipozidi kuzaliwa katika makundi ya Hereford yenye nasaba za fahari.

Wataalamu hupima ukaribu huo kwa hesabu. Ndama wa baba na binti yake ana asilimia 25. Wa babu na mjukuu ana 12.5, na wa ndugu wa baba mmoja tu pia ana 12.5. Kadiri hesabu inavyopanda, ndivyo mimba zinavyopungua, ndama wanavyokufa, na waliopona wanavyodumaa.

Hata hivyo, tusiikatae njia yenyewe. Mwaka wa 1934, kituo cha utafiti cha Miles City, Montana, kilianzisha kundi la Hereford liitwalo Line 1 kwa mafahali wawili wa baba mmoja. Kundi hilo limedumu kwa vizazi vingi bila damu ya nje. Lakini kila ndama alipimwa na kuandikwa, na ndoa za karibu mno ziliepukwa. Kazi hiyo inataka kundi kubwa, daftari, na moyo wa kuuza mnyama mzuri mwenye kasoro. Mwenye ng'ombe kumi na fahali mmoja hana hata kimoja cha hivyo.

JAMBO LETU LA LEO

Kwa nini tuyaseme haya sasa? Kwa sababu makundi yetu yamebanwa. Ukame wa 2020 hadi 2023 uliua zaidi ya mifugo milioni 2 nchini Kenya. Wengi walioanza upya walianza na mitamba michache na fahali yeyote aliyepona. Huko Kajiado, ranchi nyingi za vikundi zimegawanywa, na seng'enge zimezuia mafahali wa majirani waliokuwa wakichanganya damu malishoni. Yale yaliyofanywa na mila na nafasi kubwa sasa hayana mtu wa kuyafanya, ila mfugaji mwenyewe.

Dawa si kukimbilia fahali mkubwa kuliko wote mnadani. Boran wetu, waliotoka kwa Waborana na ambao chama chao cha wafugaji kilianzishwa mwaka wa 1951, wamepelekwa hadi Afrika Kusini na Australia kwa uhodari wao wa kula nyasi. Lakini hata Boran hawalingani. Wale wa Waorma wa mto Tana huhimili ugonjwa wa mbung'o kuliko Boran wa ranchi, ingawa ni wadogo. Ukileta fahali wa ranchi penye mbung'o, umeleta mwili mkubwa wa kuuguza.

Njia iliyo rahisi ni ya majirani watatu. Mafahali wahame kila baada ya miaka miwili: wa kwanza aende kwa wa pili, wa pili kwa wa tatu, wa tatu arudi kwa wa kwanza. Madume wanaobakizwa wafuate njia hiyo hiyo, asibaki hata mmoja alikozaliwa. Lakini kabla ya kuhama, daktari wa mifugo awapime, kwani fahali mgeni huweza kuleta magonjwa ya kutupa mimba. Kende zake nazo zipimwe. Fahali mwenye kende kubwa kwa umri wake huwa na binti wanaowahi kupevuka.

Na wale wazee wanaokumbuka mama na nyanya za ng'ombe, waulizwe kabla hawajaondoka na daftari zao. Kijana anayeandika leo katika kitabu cha shule jina la mama wa kila ndama anafanya kazi ile ile ya babu yake. Fahali atazeeka na kuuzwa, lakini alichoacha kitabaki zizini katika miili ya binti zake.