Sikilidi wadogo wa Tanganyika: Hesabu vifaranga kabla ya kununua matangi

Baba mmoja jirani yangu hapa Dar es Salaam alistaafu, akalipwa kiinua mgongo, na wiki ile ile akanijia na karatasi ya hesabu. Alikuwa ameona tangi la samaki sebuleni kwangu na sasa alitaka kununua matangi 12 ya vioo ili afuge samaki wa mapambo kibiashara. "Mwanangu, wewe ndiye uliyesomea uchumi wa kilimo," aliniambia. "Nionyeshe nitapata nini." Nilimwomba mzee asitoe hata shilingi moja kwanza.

Wengi wetu tukisikia ufugaji wa samaki tunafikiria bwawa la perege au sato. Samaki waliomvutia mzee ni ndugu wa hao hao, kwani wote ni wa ukoo wa sikilidi, isipokuwa hawa hawaingii kwenye sufuria. Wanatoka Ziwa Tanganyika, ambalo tunalimiliki pamoja na Kongo, Burundi na Zambia. Ndani yake mna aina zaidi ya 200 za sikilidi, na karibu zote hazipatikani kwingine duniani.

Mmoja wao anaitwa kitaalamu Neolamprologus multifasciatus. Dume hufikia sentimita 4 na nusu hivi, jike 3 tu, na ni miongoni mwa sikilidi wadogo kuliko wote duniani. Huishi kwa makundi kwenye maeneo ya sakafu ya ziwa yaliyojaa magamba matupu ya konokono. Gamba ndiyo nyumba yao: wakitishwa hukimbilia humo, na jike hutaga humo. Kwa mfugaji wa mjini hii ni sifa kubwa, maana samaki huyu hahitaji bwawa wala kiwanja.

Biashara ya samaki hao si ngeni. Mbelgiji Pierre Brichard alikuwa akiwasafirisha wakiwa hai kutoka Burundi tangu miaka ya 1970, na upande wetu wa ziwa nao umepeleka samaki Ulaya na kwingineko. Lakini mzee alipoanza kuzungumzia dola ilibidi nimkatishe. Wafugaji wa Ujerumani na Jamhuri ya Czech wanawazalisha samaki hawa majumbani mwao kwa miaka mingi sasa. Huwezi kulipia ndege ukapeleka kifaranga kwa mtu anayewazalisha mwenyewe. Soko la kuanzia ni la hapa hapa: hoteli, kliniki, ofisi, shule na watu wenye sebule.

Sasa tuje kwenye kosa ambalo nililifanya mwenyewe. Mteja hapendi tangi lenye samaki wa aina moja, anataka mchanganyiko unaopendeza macho. Nami nilichanganya. Niliweka kundi la multifasciatus kumi, kisha nikaongeza sikilidi wengine wakubwa wa ziwa hilo hilo, nikiamini kwamba wenyeji wa ziwa moja watapatana. Majike walitaga kama kawaida. Kila baada ya wiki kadhaa niliona vifaranga mdomoni mwa gamba, na kila baada ya siku tatu nne sikuwaona tena. Kwa karibu mwaka mzima nilinunua chakula, nikalipa umeme, nisiuze samaki hata mmoja. Wakubwa walikuwa wakila faida yangu mbele ya macho yangu.

Chukua mfano huu, na uweke bei za mtaani kwako. Tuseme tangi, pampu, chujio, mchanga na samaki wazazi vimekugharimu Sh400,000, na matumizi ya mwezi ni Sh12,000. Kifaranga hukua polepole, hivyo miezi sita ya kwanza huna cha kuuza, na mtaji wako unafika Sh472,000. Kuanzia hapo, kundi likitoa vifaranga 15 kwa mwezi na kila mmoja ukimuuza kwa Sh4,000, unabaki na Sh48,000 baada ya matumizi. Mtaji unarudi katika miezi kama kumi. Lakini kama wenzao wa tangini wamekula 11 na kukuachia wanne, unabaki na Sh4,000 kwa mwezi. Kurudisha mtaji ule ule kutakuchukua karibu miaka kumi. Tangi ni lile lile, gharama ni zile zile.

Kwa hiyo kama ni lazima uchanganye, changanya kwa kugawa maeneo. Kwenye tangi la urefu wa mita moja, upana na kina cha sentimita 40 (karibu lita 160), upande mmoja weka mchanga laini wenye kina cha sentimita tano au zaidi, maana samaki hawa huchimba usiku na mchana kama wana mkataba. Tawanya magamba mengi kuliko idadi ya samaki. Upande wa pili panga mawe yenye mapango na uweke jozi moja ya Julidochromis ornatus, sikilidi mwembamba wa sentimita 8 hivi anayetaga mapangoni. Katikati acha mchanga mtupu uwe mpaka. Wataiba kifaranga mmoja mmoja, hilo likubali, lakini kundi la magamba litaweza kulinda kwake. Usichanganye aina mbili za wakaa magambani, na sikilidi wa Ziwa Nyasa wasahau kabisa.

Maji ndipo wengi wanapoulia samaki. Maji ya Tanganyika ni magumu na yana pH ya karibu 9, hivyo ya mvua hayafai peke yake. Kokoto za mawe ya chokaa ndani ya chujio husaidia, na maji ya bomba yalaze kwenye ndoo wazi siku nzima ili klorini itoke. Hatari iko hapa: kinyesi na chakula kilichobaki hutoa amonia. Kwenye maji ya pH 7, chini ya asilimia 1 ya amonia hiyo huwa katika hali ya sumu kali. Kwenye pH 9 na joto letu la pwani ni zaidi ya asilimia 30. Kwa maneno mengine, uzembe ambao perege angeuvumilia, huyu atakufa nao. Badilisha robo ya maji kila wiki, na tangi jipya liendeshwe wiki nne hadi sita na samaki wachache kabla ya kujaza kundi.

Umeme usiuogope kama unaishi pwani. Pampu ya hewa ya wati 5 ikiwashwa mwezi mzima inakula uniti 3.6 tu. Aliye Njombe au Lushoto atahitaji kipasha maji. Cha wati 100 kikifanya kazi nusu ya muda ni uniti 36, mara kumi ya pampu, na hesabu yake ya Sh12,000 haitatosha.

Ukitaka wazazi kutoka ziwani, nunua kwa mwenye leseni, kwani biashara hii iko chini ya Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003. Ofisa uvuvi wa wilaya atakueleza vibali.

Mzee alinisikiliza, akakunja karatasi yake, na fedha nyingine akaziacha benki. Alinunua tangi moja. Mwezi wa tatu alinipigia simu saa nne usiku kunieleza kwamba amehesabu vifaranga tisa kwa tochi. Sasa ana matangi matatu, na anaandika kwenye daftari la shule kila kifaranga anayezaliwa na kila anayeuzwa. La nne amekataa kulinunua hadi apate duka la pili la kumchukulia.