Mizani ya Bomba la Moshi

Neno mizani lina nyumba mbili katika lugha yetu. Dukani ni chombo cha kupimia uzito, na kwa sisi watunga mashairi ni hesabu ya silabi ambayo mshororo hauna ruhusa ya kuizidisha wala kuipunguza. Nyumba hizo mbili nimeziona zikikutana chini ya uvungu wa motokaa, katika gereji moja hapa Mombasa, na hayo ndiyo ninayotaka kuwasimulia wasomaji wangu leo.

Kazi yenyewe ni kutengeneza kwa mkono bomba la kutolea moshi, ambalo mafundi huliita ekzosi, liwe jepesi kwa ajili ya gari la mbio. Wako watakaouliza: jambo hili lina nini na utamaduni? Jawabu langu ni kwamba watu waliounda majahazi kwa jicho na kamba, wakachonga milango na kusubu siwa za shaba, hawawezi kuambiwa kuwa ufundi wa chuma ni wa wageni.

Gari lililokuwa juu ya mawe siku hiyo ni Datsun 240Z, la viti viwili, pua ndefu na mgongo wa kuteremka. Wazee wetu wanalijua. Mwaka 1971 Edgar Herrmann alishinda Safari Rally kwa gari la aina hii, na mwaka 1973 Shekhar Mehta akashinda kwa aina iyo hiyo, baada ya kulingana alama na Harry Källström aliyeendesha Datsun nyingine. Hili la gerejini ni la kijana aliyeachiwa na babu yake. Bomba lake la zamani lilikuwa limeliwa na kutu ya hewa yetu ya chumvi, naye akataka jipya, jepesi, na, kwa maneno yake mwenyewe, "lisikike hadi ng'ambo ya pili."

"Ami," akamwambia fundi, "wepesi si kutoa tu? Toa sailensa, toa yale mabati, basi."

Fundi, mtu mzima asiyependa maneno mengi, alimjibu bila ya kuinua kichwa. "Mwanangu, kutoa anaweza hata mwizi. Fundi ni yule anayejua kitu kilikuwa na kazi gani kabla hajakitoa."

USOMAJI NA UITIKIAJI

Injini ya gari hili, yenye sentimita za ujazo 2,393, ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. Lakini haziwaki kwa kufuatana kama zilivyokaa. Huanza ya 1, kisha 5, kisha 3, kisha 6, kisha 2, na mwisho 4. Iangalie vizuri hesabu hiyo. Kila inapowaka silinda ya nusu ya mbele, inayofuata ni ya nusu ya nyuma. Ni kama kikao cha maulidi: upande huu unasoma, upande ule unaitikia, na hakuna anayemkata mwenzake maneno.

Kwa sababu hiyo fundi hukusanya mabomba matatu ya mbele pamoja, na matatu ya nyuma pamoja, ndipo baadaye yakaungana kuwa moja. Kila mkupuo wa moshi unaopita mbio huacha nyuma yake upungufu wa hewa, na upungufu huo humsaidia anayefuata kutoka. Mabomba yakiunganishwa ovyo, moshi wa huyu humrudia yule. Aidha, bomba pana kupita kiasi si sifa, ingawa vijana wengi hudhani hivyo. Ndani yake moshi hupoteza kasi, na injini ikizunguka polepole huwa nzito kama mtu aliyeamshwa kabla ya wakati.

Liko na jambo jingine la gari hili. Kabureta zake zimekaa juu ya mabomba ya moshi, upande mmoja wa injini. Joto likipanda huichemsha petroli kabla haijaingia inakotakiwa. Katikati yake pana bati la kukinga joto, nalo ndilo la kwanza ambalo kijana alitaka litupwe. Fundi alikataa. Bati lile ni kama silabi ya mwisho ya mshororo: ukiifuta, kina kimevunjika.

KILO ZIMO WAPI?

Basi wepesi utatoka wapi? Fundi alileta vipande viwili vya bomba, kila kimoja cha urefu wa mita moja na upana wa milimita 60, akaviweka juu ya mizani ya dukani. Kimoja kilikuwa cha chuma cha kawaida, unene wake milimita 2. Hicho ni karibu kilo 2.9. Cha pili kilikuwa cha chuma kisichoshika kutu, unene milimita 1.2. Hicho hakifiki kilo 1.8. Bomba la mita tatu, basi, hupungua zaidi ya kilo tatu bila ya kupoteza kitu chochote kinachofanya kazi. Na kwa mji wa pwani chuma cha namna hiyo kina faida mara mbili, maana hakiliwi upesi na chumvi.

Ipo madini nyepesi zaidi, titani, ambayo uzito wake ni kama nusu tu ya chuma na kidogo juu yake. Kampuni ya Chevrolet iliitumia katika ekzosi ya gari lake la Corvette Z06 la mwaka 2001. Lakini titani ni ghali, na huharibika ikiguswa na hewa wakati inachomwa. Fundi wetu anaijua, na akasema pesa hizo ni bora ziende kwenye breki.

Wembamba nao una mahali pake. Gari la kupita barabara ya lami latosha bomba la milimita 1.2. Gari la kupigwa mawe ya Taru na Tsavo lataka chuma kinene tumboni, au sahani ya kulikinga. Mshindi wa Safari hakuwa mwepesi kuliko wote. Alikuwa yule aliyefika.

Kukunja bomba ni elimu nyingine. Bomba tupu ukilikunja kwa nguvu hubonyea, na njia ya moshi ikawa nyembamba. Ufundi wa zamani ni kulijaza mchanga na kuliziba pande zote mbili, ndipo ukalipasha moto na kulikunja taratibu. Mchanga lazima uwe mkavu kabisa, kwani maji yaliyomo hugeuka mvuke na kuweza kurusha kizibo kama risasi. Chuma chembamba kisichoshika kutu fundi hupendelea kukikata vipande vya mshazari na kuviunga kimoja kimoja. Wakati wa kuchoma hupitisha gesi ya argoni ndani ya bomba. Asipofanya hivyo, upande wa ndani huungua na kufanya chenga kama sukari guru, na mahali hapo ndipo patakapopasuka.

Tena chuma hiki hutanuka sana. Bomba la mita tatu likipata joto la digrii 300 zaidi hurefuka kwa kama milimita 15. Ukilifunga kwa bolti tupu litajikata lenyewe. Lazima lining'inizwe kwa mipira, lipate kupumua.

SAUTI NA HESHIMA

Sasa tuje kwenye sailensa, mahali ambapo kijana na fundi walikaribia kuachana. Kijana alisema atakwenda kwingine. Fundi akamwambia, "Nenda, mwanangu, ila jina langu usilitaje." Kisha akamwonyesha sailensa aliyoiunda: ndani yake bomba lililonyooka lenye matundu mengi, limezungushiwa pamba ya kioo. Moshi hupita moja kwa moja bila ya kuzuiliwa. Sauti huingia matunduni, ikapotelea katika pamba na kugeuka joto. Ni zumari iliyofundishwa adabu. Uzito wake ni mdogo kuliko ile ya zamani yenye kuta nyingi, na mngurumo unaobaki ni wa chini, wa kifuani.

Tunaishi nyumba kwa nyumba. Pana mtoto mchanga, pana mgonjwa, pana mtu amesimama kwa sala ya Isha. Sheria ya barabara yataka gari liwe na sailensa, na kanuni za kelele za mwaka 2009 zipo. Lakini kabla ya askari wa barabarani, sisi tulifundishwa chuoni kwamba jirani ana haki.

La mwisho ni la roho za watu. Moshi wa petroli una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayochukua katika damu nafasi ya hewa tunayoishi kwayo. Magari haya ya 240Z yanajulikana kwa kuvuta moshi ndani kupitia mlango wa nyuma, mpira wake ukichakaa. Kwa hivyo fundi alilifikisha bomba nje ya bampa, akabadilisha mpira, akakagua kila kiungo. Na wenye magari ya siku hizi, yale yenye kichungi cha platinamu na rodiamu chini yake, wasidanganywe kukikata na kukiuza kwa jina la wepesi. Huko si kupunguza uzito, ni kuwatwika wapita njia.

Kijana hakwenda kwingine. Alirudi siku ya pili, akavaa glavu, akashika upande mmoja wa bomba huku fundi akichoma upande wa pili. Nami nawaachia beti moja:

Pima kwanza mkononi, ndipo ukikate chuma,
Mlio uwe wa soni, isikere kwa kuvuma,
Moshi usirudi ndani, utokee kule nyuma,
Wepesi u akilini, si kukata na kuchoma.