Kuiweka Kompyuta Ikufae: Mchezo wa Karata

Somo la leo ni la kompyuta, nasi tutalipitia kwa mchezo wa karata. Mwalimu wa kikundi, tafadhali washa mashine.

Mara nyingi mtu mzima akishika kipanya kwa mara ya kwanza, kishale hukimbia huku na huku juu ya kioo, naye husema, "Mkono wangu ni wa jembe na tumbaku, chombo hiki ni cha watoto." Wengine hawarudi darasani tena. Lakini kosa si la mkono. Mashine ilipangwa kwa mkono wa mtu mwingine, nayo yaweza kupangwa upya kwa mkono wako. Anunuaye baiskeli kuukuu haipandi hivi hivi. Kwanza hupandisha kiti au hukishusha, akajaribu na breki. Basi kompyuta nayo ina kiti chake.

Kompyuta za zamani zenye Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, zina mchezo uitwao Solitaire, yaani karata za mtu mmoja. Mchezo huo ulianza kuwekwa katika Windows mwaka 1990. Aliyeutunga, Wes Cherry, alikuwa kijana wa mafunzo ya kazi katika kampuni ya Microsoft, wala hakupata fungu lolote la mauzo. Picha za karata zilichorwa na Susan Kare. Wakati ule watu wengi wa Marekani na Ulaya nao walikuwa hawajazoea kipanya, na mchezo uliwafundisha kushika kitu kwenye kioo, kukivuta na kukiachia. Walikuwa watu wazima, makarani wa ofisi.

Karata ni 52. Karata 28 hupangwa katika safu 7, na 24 hubaki katika rundo. Kwenye safu tunashuka kutoka mfalme, nyekundu juu ya nyeusi, nyeusi juu ya nyekundu. Juu upande wa kulia tunapanda kutoka ree mpaka mfalme, kila aina mahali pake: kopa, uru, shupaza na pau. (Majina haya manne asili yake ni Kireno, lugha ya mabaharia waliofika pwani yetu mwaka 1498. Basi msione ugeni.)

Sasa tazameni juu, upande wa kushoto. Mtaona neno lenye herufi nne: G-a-m-e, maana yake mchezo. Libofyeni mara moja. Chini yake tafuteni O-p-t-i-o-n-s, yaani mambo ya kuchagua. Likibofywa, kisanduku kidogo hufunguka.

Kwanza mtaulizwa mtafunua karata ngapi kwa mara moja, moja au tatu. Mashine huja na tatu. Anayeanza achague moja. Mchezo unakuwa rahisi zaidi, wala si aibu.

Pili, T-i-m-e-d. Hii ni saa. Ikiwa imewekwa, unapoteza alama 2 kila sekunde 10, nawe unapata alama 10 tu kwa karata unayoipandisha juu. Ondoeni alama ya vema iliyo kando yake. Mtu anayejifunza herufi hana haja ya kukimbizwa na saa.

Tatu, namna ya kuhesabu. Mojawapo huitwa Vegas, kwa jina la mji wa kamari huko Marekani. Unaanza na deni la dola 52, nawe hupewa dola 5 kwa kila karata uliyopandisha. Si fedha za kweli, na mimi siipendi, lakini ina hesabu nzuri. Ukipandisha karata 10 una dola 50, bado deni la dola 2. Karata ya 11 ndiyo inayokutoa.

Yamebaki ya kipanya, nayo ndiyo makubwa. Mwalimu afungue C-o-n-t-r-o-l P-a-n-e-l, kisha M-o-u-s-e. Humo mwendo wa kishale hupunguzwa kwa kuvuta kitufe upande wa kushoto. Mwendo wa kubofya mara mbili nao hupunguzwa hivyo hivyo, na pana picha ya jalada la kujaribia: likifunguka, vidole vyako vimekubaliwa. Hapo ndipo vidole vilivyokakamaa kwa kazi vinapopata nafuu. Katika karata, kubofya mara mbili hupeleka karata juu bila kuivuta.

Mwenye kutumia mkono wa kushoto abadilishe vitufe, cha kulia kishike kazi ya cha kushoto. Lakini akimaliza avirudishe, kwa sababu badiliko hilo huenea katika mashine nzima, na mwenzake ajaye atadhani kompyuta imeharibika.

Jambo moja zaidi. Windows XP iliachwa kuhudumiwa na kampuni yake mwaka 2014. Mashine hiyo ni ya kujifunzia; msiitumie kwa mambo ya fedha kwenye intaneti.

Zoezi: kila mmoja aandike katika daftari lake mambo matatu: karata ngapi anafunua, kishale chake ni cha polepole au cha haraka, na anatumia mkono upi. Zamu yako ikifika, fungua daftari, soma, upange mashine mwenyewe kabla ya kugawa karata.