Funguo Baada ya Malezi ya Kambo: Vijana wa Marekani na Safari ya Kujitegemea

Malezi ya kambo nchini Marekani ni mpango wa serikali wa kumweka mtoto kwa mlezi asiye mzazi wake, au katika makao ya pamoja, pale mahakama inapoona kwamba kwao si mahali salama. Kwa walio wengi mpango huo ni wa muda tu. Mtoto hurudishwa kwa wazazi, hukabidhiwa kwa bibi au shangazi, au huasiliwa na familia nyingine. Wapo ambao hawapati lolote kati ya hayo. Hao hukaa humo mpaka wafikie umri ambao sheria ya jimbo inahesabu kuwa malezi yamekwisha, miaka 18 kwa baadhi ya majimbo na 21 kwa mengine, kisha jalada lao hufungwa. Mwaka 2020 walikuwa takriban 20,000.

Jalada likifungwa, posho aliyokuwa akilipwa mlezi nayo hukoma. Wapo walezi wanaomwacha kijana aendelee kukaa kama mwana wa nyumba. Wengine hawana uwezo huo, au kitanda kinangojewa na mtoto mwingine. Utafiti unaotajwa sana kuhusu kinachofuata ulifanywa na kituo cha Chapin Hall cha Chuo Kikuu cha Chicago, chini ya Mark Courtney. Watafiti waliwahoji kwa mara ya kwanza vijana 732 wa majimbo ya Illinois, Iowa na Wisconsin mwaka 2002 na 2003, wakiwa na miaka 17 au 18, wakawafuatilia mpaka wakafika 26. Kwa makadirio yao, kati ya asilimia 31 na 46 ya vijana hao walikuwa wamewahi kukosa makazi angalau mara moja kabla ya kufikia umri huo.

Umaskini ni sababu moja tu. Mwenye nyumba wa Marekani hamkabidhi mtu funguo kwa kuwa tu ana fedha za mwezi wa kwanza mkononi. Hutaka pia amana, hati za mshahara, na taarifa ya mikopo inayoonyesha kwamba mwombaji hulipa madeni yake kwa wakati. Kijana wa miaka 19 aliyelelewa na wazazi wake huvuka kikwazo hicho kwa simu moja: baba au mama anatia sahihi kama mdhamini. Aliyetoka kwenye malezi ya kambo hana wa kumpigia. Baya zaidi, wengine hugundua siku hiyo kwamba tayari wana madeni wasiyoyajua, kwa sababu jina na namba yao ya hifadhi ya jamii vilitumiwa na mtu mwingine kufungulia akaunti wangali watoto. Tatizo hilo lilikuwa kubwa kiasi cha kutungiwa sheria. Tangu mwaka 2011 idara za ustawi wa watoto zinatakiwa kuchukua kila mwaka taarifa ya mikopo ya vijana wakubwa walio chini yao na kuwasaidia kuisafisha, na mwaka 2014 umri wa kuanzia ulishushwa hadi miaka 14. Sheria hiyo ya 2014 inadai pia kwamba kijana anayeondoka akiwa amekaa kwenye malezi kwa miezi sita au zaidi asiondoke bila cheti cha kuzaliwa, kadi ya hifadhi ya jamii, nyaraka za bima na matibabu, na kitambulisho. Inashangaza kidogo kwamba jambo la wazi namna hiyo lilihitaji kuamriwa na Kongresi.

Msaada wa serikali kuu kwa vijana hawa ulianza katikati ya miaka ya 1980, kwa fedha kidogo zilizolenga kuwafundisha stadi za maisha. Hatua kubwa ilikuja Desemba 1999, Rais Bill Clinton alipotia sahihi sheria iliyoanzisha mpango uliopewa jina la John Chafee, seneta wa Rhode Island aliyefariki miezi miwili kabla. Mpango huo uliongeza fedha za majimbo maradufu, kutoka dola milioni 70 hadi milioni 140 kwa mwaka, na ukaruhusu hadi asilimia 30 ya fedha hizo zilipie chakula na malazi ya walioondoka kwenye malezi lakini hawajatimiza miaka 21. Baadaye iliongezwa ruzuku ya masomo ya hadi dola 5,000 kwa mwaka. Sheria ya mwaka 2018 ikayapa majimbo ruhusa ya kuwahudumia vijana hadi miaka 23, na ruzuku ya masomo hadi 26. Tangu 2014 bima ya afya ya Medicaid nayo huwafuata waliokuwa kwenye malezi walipotimiza umri wa kuondoka mpaka wafike miaka 26, sawa na umri ambao vijana wengine huruhusiwa kubaki kwenye bima ya wazazi wao.

Sheria ya Oktoba 2008 ilienda mbali zaidi, kwani iligusa umri wenyewe wa kuondoka. Iliyaruhusu majimbo kudai fidia ya serikali kuu kwa kuendelea kumlea kijana hadi miaka 21, mradi awe anasoma, yuko kwenye mafunzo ya kumwandaa kwa kazi, anafanya kazi angalau saa 80 kwa mwezi, au ana ugonjwa unaomzuia kufanya hayo. Kijana huyo halazimiki kukaa kwa mlezi. Anaweza kuishi katika chumba chake au bweni la chuo huku ofisa ustawi akimtembelea. Zaidi ya nusu ya majimbo yameuchukua mpango huo. Wakati wa janga la Uviko-19, Kongresi ilikwenda hatua nyingine na kuyazuia majimbo kumwondoa kijana yeyote kwa sababu ya umri mpaka mwishoni mwa Septemba 2021.

Je, miaka mitatu ya ziada inasaidia? Vijana wa Illinois, ambao waliruhusiwa kubaki hadi 21 tangu kabla ya sheria ya 2008, waliingia chuoni kwa wingi kuliko wenzao wa Iowa na Wisconsin waliotolewa wakiwa na 18. Kwa upande wa makazi, hata hivyo, uchambuzi wa Chapin Hall ulionyesha kwamba kubaki kulichelewesha ukosefu wa makazi zaidi ya kuuzuia. Tafsiri yake ni kwamba kusogeza tarehe ya mwisho hakutoshi ikiwa siku inayofuata tarehe hiyo haijaandaliwa. Vijana wanahitaji muda wa ziada, na baada yake wanahitaji nyumba yenye kodi inayolipika.

Hapo ndipo vocha ya pango inapoingia. Katika mfumo wa kawaida wa vocha za Marekani, mpangaji hutafuta nyumba kwa mwenye nyumba binafsi, hulipa takriban asilimia 30 ya kipato chake, na mamlaka ya nyumba ya eneo humlipa mwenye nyumba kiasi kinachobaki, ndani ya kiwango kilichowekwa. Mpango mmoja wa vocha hizo, ulioanzishwa mwaka 1990 kwa ajili ya familia zilizo hatarini kutenganishwa na watoto kwa kukosa makazi, ulifunguliwa mwaka 2000 kwa vijana waliotoka kwenye malezi. Muda wao uliwekwa miezi 18, ukaongezwa kuwa 36 mwaka 2016. Lakini vijana walikuwa wakigombea vocha zilezile na familia, na katika maeneo mengi vocha hazikuwepo kabisa. Kijana alitoka kwenye malezi mwezi Juni. Nafasi, kama ilipatikana, ilipatikana mwaka mwingine.

Waliobuni njia ya kurekebisha hali hiyo walikuwa vijana wa Ohio waliopitia malezi ya kambo wenyewe. Kwa miaka kadhaa walikwenda Washington kueleza wabunge na Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji kwamba vocha inapaswa kupangwa kwa kufuata siku ya kijana kuondoka. Julai 2019 wizara ilizindua mpango mpya uliojengwa juu ya wazo hilo, ujulikanao kwa kifupi kama FYI. Chini yake idara ya ustawi humtambua kijana mmoja anayehitaji, mamlaka ya nyumba huomba vocha kwa ajili yake, na wizara huitoa. Mwanzoni mamlaka moja iliweza kuomba hadi vocha 25 kwa mwaka. Anayestahili ni mwenye miaka 18 hadi 24, aliyetoka kwenye malezi au atakayetoka ndani ya siku 90, na ambaye hana makazi au yuko hatarini kuyakosa. Idara ya ustawi inawajibika kuhakikisha anapata huduma za kumsaidia kwa miezi 36.

Dosari iliyobaki ni saa inayohesabu miezi 36 ya vocha. Familia ya kawaida yenye vocha haina ukomo wa miaka. Kijana asiye na familia ndiye aliyewekewa. Kongresi ililegeza jambo hilo kwa sheria iliyopitishwa Desemba 2020: miezi 36 inaweza kuongezwa 24 na kufikia 60, iwapo kijana amejiunga na mpango wa kujitegemea wa mamlaka ya nyumba, au kama anasoma, anapata mafunzo au anafanya kazi kwa angalau miezi tisa katika kila kumi na miwili. Mwenye mtoto wa chini ya miaka sita, anayemuuguza mtu asiyejiweza, aliye kwenye matibabu ya kuacha dawa za kulevya au mwenye maradhi yanayomzuia husamehewa masharti hayo.

Mpango wa kujitegemea unaotajwa hapo uliundwa na sheria ya nyumba ya mwaka 1990, na ndio sehemu iliyobuniwa kwa akili zaidi katika habari hii yote. Tatizo la kodi ya pango inayokokotolewa kwa kipato ni kwamba mshahara ukipanda, kodi nayo hupanda, na mpangaji huona faida ya kufanya kazi zaidi ikipungua. Mpango huu huigeuza nyongeza hiyo kuwa akiba. Chukua kijana mwenye kipato kinachokokotolewa cha dola 1,200 kwa mwezi: anachangia dola 360. Akipandishwa cheo na kipato kikawa dola 1,800, mchango wake unakuwa 540. Anazilipa zote, lakini mamlaka ya nyumba humwekea dola 180 za tofauti katika akaunti yenye riba. Kwa miaka mitatu hizo ni dola 6,480 kabla ya riba. Mkataba huwa kwa kawaida wa miaka mitano na una malengo aliyojipangia mwenyewe pamoja na mratibu. Akiyatimiza na kaya yake ikawa haitegemei tena posho ya fedha ya serikali, hukabidhiwa akiba hiyo aitumie apendavyo: amana ya nyumba, gari la kuendea kazini, ada. Akivunja mkataba, huipoteza. Si kila mamlaka ya nyumba inayoendesha mpango huu, na ndiyo sababu sheria iliacha mlango wa pili wa masomo na kazi.

Fedha za pango peke yake hazimfundishi mtu kuishi na jirani mgomvi wala kujaza fomu ya kodi ya mapato. Kwa muda mrefu jibu lilikuwa darasa. Jijini Los Angeles mafunzo ya stadi za maisha ya wiki tano yalipimwa kwa kulinganisha waliohudhuria na wasiohudhuria, wakichaguliwa kwa bahati nasibu. Hakukuonekana tofauti ya maana. Matokeo mengine yalipatikana Tennessee, ambako shirika la Youth Villages humpa kijana ofisa mwenye wateja wachache, anayekutana naye kila wiki nyumbani, kazini au popote alipo kwa takriban miezi tisa. Jaribio la vijana zaidi ya 1,300 lilionyesha, baada ya mwaka mmoja, kipato kilichoongezeka, makazi yaliyotulia zaidi na afya ya akili iliyo bora kidogo, ingawa elimu na makosa ya jinai havikubadilika. Manufaa hayo ni ya kadiri, lakini yametokana na mtu anayefika mlangoni, wala si ubao na chaki.

Namna ya nyumba yenyewe hutofautiana. Huko Oakland, shirika la First Place for Youth, lililoanzishwa 1998, hupanga nyumba kwa jina lake na kuwaweka vijana ndani, hivyo mwenye nyumba hadai mdhamini. Jijini New York yalifunguliwa mwaka 2004 makazi ya Chelsea Foyer, yakifuata mfano wa Ufaransa na Uingereza wa mabweni ya vijana wanaofanya kazi: chumba chako, wahudumu chini ya paa hilohilo, na mpango wa kuondoka tangu siku ya kuingia. Vyumba vilivyotawanyika mitaani vinamzoeza kijana maisha halisi, ila upweke ni mkali. Jengo la pamoja lina kampani na lina kanuni zinazochosha.

Kundi moja halina budi kutajwa kwa msomaji wa Kiswahili. Watoto wakimbizi waliofika Marekani bila wazazi, wakiwemo wa kutoka Kongo, waliingizwa kwenye malezi ya kambo chini ya mpango wao maalumu, na wanastahili huduma za aina ileile wanazopata watoto wengine wa jimbo husika. Kwao suala la mdhamini ni gumu maradufu, kwa kuwa hata jamaa wa mbali huenda wako kambini ng'ambo ya bahari.

Vocha ya kijana inapofika mwisho wake, haigeuki yenyewe kuwa vocha ya kawaida. Sheria inairuhusu mamlaka ya nyumba kumpa kipaumbele kwenye orodha yake ya wanaosubiri, lakini haiilazimishi. Kijana wa miaka 27 ambaye mshahara wake haujafikia kodi ya mji anaoishi huweza kuokolewa na uamuzi huo wa ofisi ya eneo, au na akiba aliyojiwekea. Pasipo vyote viwili, hulipa kodi yote ya soko kuanzia mwezi unaofuata, au huhama.