Mbuzi kafa akizaa? Okoa mtoto ndani ya saa 6

Vijana wenzangu wafugaji, mbuzi akifa kwenye uzazi wengi hukimbilia maziwa ya ng'ombe. Hayo yataanza siku ya pili. Kwanza mtoto apate dang'a, yale maziwa mazito ya mwanzo. Anazaliwa hana kinga, na utumbo wake hupokea kinga vizuri saa 6 za kwanza. Zikifika saa 24, basi tena.

Kamua dang'a ya mbuzi mwenye afya aliyezaa siku hiyo. Mtoto wa kilo 3 mpe mililita 150, angalau mara 3 ndani ya saa 24. Iwe vuguvugu, ukiichemsha inaganda na kinga inaharibika. Mdomo wake ukiwa wa baridi, mpashe joto kwanza. Mnyweshe akiwa amesimama, maana ukimlaza chali maziwa yanaweza kuingia kwenye mapafu. Kitovu kipake iodini.

Ndiyo maana nasisitiza: mbuzi mwenye maziwa mengi akizaa, kamua dang'a kidogo, weka kwenye chupa ndogo, gandisha kwenye friza. Inakaa hata mwaka. Ukiihitaji, iyeyushe ndani ya maji ya vuguvugu. Hutahangaika kugonga milango ya majirani usiku.